V ya Valjevo: Mhandisi Vidosava Pantelić Anaondoka Chumba cha Namba

Ndugu wa karakana, makomredi wa mabweni, na ninyi nyote ambao mwezi huu mmesimama nasi langoni na mabango chini ya mvua ambayo uongozi bado haujakiri kuhusika nayo: Ijumaa tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Mhandisi Vidosava Pantelić atafunga mlango wa Chumba cha Namba katika kiwanda cha silaha cha Topolnik na kwenda nyumbani. Sheria inaliita jambo hilo kustaafu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sheria, kwa mara nyingine, imechagua neno dogo.

Jarida letu limezoea kuwaaga wastaafu kwa sifa tatu: uchapakazi, unyenyekevu na upole. Mbili kati ya hizo hazimhusu. Mhandisi Pantelić hajawahi kuwa mnyenyekevu. Aitwe Mhandisi, kwa sababu ni mhandisi, na aliyemwita "mama" ndani ya chumba chake alitoka nje, akabisha hodi, akaanza upya. Wanavijiji peke yao ndio waliosamehewa kumwita shemeji, kwa hoja kwamba mwanakijiji humwita shemeji kila mwanamke aliyeolewa kuanzia hapa hadi mtoni, na vita hiyo hakuna serikali iliyowahi kuishinda.

Alizaliwa Užice, akasomea uhandisi wa metali Belgrade, akaajiriwa katika maabara yetu ya kupima chuma. Mwaka wake wa kwanza ulikuwa mzuri. Katika mwaka wa pili, mbele ya mkutano wa wafanyakazi wote, mkurugenzi wa wakati ule alisifu shehena mpya ya chuma, naye akasimama na kueleza kwa takwimu kuwa chuma hicho kingefaa sana kutengenezea vijiko. Wiki iliyofuata alihamishiwa Chumba cha Namba, "kwa muda, hadi hali itulie." Hali haijatulia. Mkurugenzi yule aliondoka, wengine wakaja na kuondoka, nchi ikabadilisha jina mara kadhaa bila meza yake kusogezwa, na hadi leo jalada lake la utumishi linasema yupo pale kwa muda.

Kazi ya chumba kile inaelezeka kwa sentensi moja, na ndiyo maana viongozi hudhani ni nyepesi. Mtu huja na bunduki kuukuu, au na picha yake, na kuuliza: imetengenezwa lini? Huja wakusanyaji wenye glavu nyeupe. Huja wawindaji, wajane, makumbusho na polisi. Rejista za kabla ya vita kuu ya pili ziliteketea pamoja na jengo la utawala, kwa hiyo shahidi aliyebaki ni chuma chenyewe: juu ya mtutu, karibu na mahali pa kuingizia risasi, pamepigwa chapa ya herufi moja na namba zinazoifuata. Herufi ndiyo mwaka. Namba ni zamu ya bunduki hiyo katika mwaka huo.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa maana hapa ndipo mkate wetu ulipo. Kiwanda kilipoanza, mwaka 1925, kilipiga herufi za Kikirili, zile zilizo jamaa za Kirusi, kwa mpangilio wa Kikirili. Baada ya vita, mwaka 1947, kikaanza upya kwa herufi za Kilatini na mpangilio wa Kilatini. Alama inayoonekana kama B, ukiisoma kwa Kilatini, ni B, herufi ya pili, mwaka 1948. Alama hiyohiyo, ukiisoma kwa Kikirili, ni V, herufi ya tatu, mwaka 1927. Mgeni asiyejua maandishi yetu angesita na kuuliza. Sisi hatusiti. Tumelelewa na alfabeti mbili, tunazisoma zote bila kufikiri, na kwa kipaji hicho tumeweza kukosea kwa haraka kuliko taifa lolote.

Na kosa hilo lina gharama. Bunduki ya kabla ya vita, kwa mujibu wa kanuni, ni kumbukumbu ya familia na hubaki ukutani. Bunduki ya baada ya vita isiyo na kibali huchukuliwa na kuyeyushwa. Kati ya V na B pana ukuta wa nyumba ya mtu.

Kwa sababu hiyo Mhandisi Pantelić alipokea simu zote kwa swali moja. Sisi hapa, tukitaja herufi kwenye simu, hutaja na mji unaoanza nayo, na Belgrade kwetu ni Beograd, kwa hiyo yeye aliuliza: "B ya Beograd au V ya Valjevo?" Mazungumzo yaliyofuata yangeweza kujaza jarida hili kwa mwaka mzima. Tunanukuu moja, lililosikika ukumbini kwa sababu Mhandisi hakuwahi kuamini kwamba simu hupaza sauti yenyewe.

"Ni B, shemeji."

"B ya Beograd au V ya Valjevo?"

"Mimi niko Ivanjica."

"Sijauliza uko wapi. Nauliza herufi ni ya mji gani."

"Kama ni lazima iwe mji, andika Ivanjica. Valjevo walitufunga mabao matatu Jumapili."

"Bwana, herufi yako hiyo unaitamka vipi?"

"Siitamki. Iko kwenye bunduki."

Mtu huyo aliambiwa ailete bunduki, akaileta, ikawa ya Valjevo. Inasemekana alisononeka.

Ni kwa vipi aliijua? Hapa uongozi umekuwa ukitaja "uzoefu," neno ambalo viongozi hulitumia kwa kitu wasichotaka kukilipia. Ukweli ni kwamba ana mbinu, na mbinu hiyo inafundishika. Mafundi wa kabla ya vita walipiga chapa kwanza, kisha wakaung'arisha mtutu, kisha wakautia dawa ya weusi. Kwa hiyo kingo za herufi zao zimelala, na sakafu ya herufi ni nyeusi. Mafundi wa baada ya vita, waliokuwa wakikimbizana na malengo ya mpango wa taifa, waling'arisha na kutia weusi kwanza, wakapiga chapa mwishoni kabisa, mara nyingi huku lori likiunguruma nje. Kingo zao zimeinuka. Mtu akiipaka bunduki rangi upya, weusi hudanganya, kingo hazidanganyi. Jicho hukisia, kisha ukucha hupita juu ya herufi na kutoa hukumu. Mhandisi Pantelić alitumia ukucha wa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, ambao kwa miaka yote hiyo haukupakwa rangi hata kwenye harusi ya bintiye.

Hukumu zake hazikumfurahisha kila mtu. Bwana Svetozar Krunić, mwenyekiti wa chama cha wawindaji, alileta bunduki ambayo, kwa maelezo yake, babu yake aliibeba mgongoni akivuka milima ya Albania katika vita kuu ya kwanza. Mhandisi alipitisha ukucha, akavua miwani, akasema: "Mwenyekiti, bunduki hii ni ya mwaka 1956. Babu yako aliivusha milima ipi, na alikuwa anaelekea wapi?" Bwana Krunić alijibu kwamba katika familia yao watu huishi sana. Alipewa cheti chenye mwaka sahihi. Mwaka uliofuata akaleta bunduki nyingine.

Na kwa kuwa hatuandiki maisha ya watakatifu, tuseme pia kwamba alikosea. Aliwahi kuipa bunduki ya mzee mmoja wa Arilje mwaka ambao haukuwa wake. Alipogundua, hakuandika barua, alipanda basi. Akamkuta mzee amekwisha kuifanyia bunduki sherehe ya kutimiza miaka themanini, majirani wote wakiwa wamealikwa. Akamweleza kwamba ina hamsini na tisa. Mzee akasema: "Mhandisi, mwanakondoo ameshaliwa." Wakakubaliana kwamba cheti kirekebishwe na sherehe ibaki kama ilivyo.

Tungeweza kuishia hapo, tukagawana keki, tukaimba. Lakini makomredi, msemaji anayemuaga mfanyakazi bila kusema nani anakalia kiti chake hafanyi heshima, anafanya mazishi. Kiti cha Mhandisi Pantelić hakikaliwi na mtu. Kwa miaka mitano mfululizo aliomba apewe mrithi wa kumfundisha, na kwa miaka mitano mfululizo alijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Mwishowe aliacha kusubiri, akamchukua Tihomir Lazović wa karakana ya kung'arisha, mwanamume wa makamo mwenye watoto watatu na mikono kama makasia, akawa anamfundisha saa za chakula, bila malipo na bila ruhusa. Miezi ya kwanza Tihomir alisoma kila kitu Beograd. "Tihomir," alimwambia, "wewe una mapenzi na mji mkuu au una ganzi?" Leo anasoma vizuri. Mhandisi, ambaye hasifu, amesema kwamba Tihomir "anavumilika."

Februari mwaka huu Mkurugenzi Ljubodrag Stevanić alitangaza kwamba Mhandisi akistaafu chumba kitafungwa, na kazi yake itafanywa na programu ya kompyuta iliyonunuliwa kutoka mji mkuu. Mwananchi atapiga picha ya namba kwa simu yake, na mwaka utatokea. Tulielezwa kuwa haya ndiyo maendeleo. Nani anapinga maendeleo? Sisi tuliuliza tu yanasoma alfabeti gani.

Jibu lilipatikana Machi, kwa Bi Milunka Aćimović, mjane wa kijiji cha juu kule Rudno. Programu, iliyokuwa tayari imeanza kujaribiwa, ilisoma picha ya bunduki ya marehemu baba mkwe wake na kutoa mwaka 1948. Siku chache baadaye akapokea amri ya kuisalimisha ikayeyushwe. Polisi wa kijiji, ambaye ni baba wa ubatizo wa mjukuu wake, alikwenda kuichukua. Alikunywa kahawa, akaomba radhi, akaipakia kwenye gari, kisha akampakia na Bi Milunka, na katika taarifa yake akaandika kuwa njia ya kwenda kwenye tanuri inapita Topolnik. Ramani haikubaliani naye. Tunamshukuru hata hivyo.

Waliingia Chumba cha Namba wakati Mkurugenzi mwenyewe alikuwa humo, akimwonyesha kijana wa programu mahali pa kuweka mashine yake baada ya meza kuondolewa. Bi Milunka hakujua nani ni nani, kwa hiyo alimwambia kila mtu.

"Imening'inia juu ya mlango tangu niolewe. Haijampiga mtu, haijapiga sungura, haijapiga hata chafya. Mume wangu aliifuta vumbi kila sikukuu ya mtakatifu wetu. Sasa mnataka niwaambie wanangu kwamba baba yao alikuwa anafuta vumbi kitu cha wizi?"

"Hakuna aliyesema wizi, mama," alisema Mkurugenzi.

"Karatasi yako imesema."

Mhandisi Pantelić aliilaza bunduki mezani, akapitisha ukucha juu ya herufi mara moja tu, akasema: "Valjevo. Elfu moja mia tisa ishirini na saba."

Kijana wa programu, ambaye hatuna ugomvi naye, alieleza kwa adabu kuwa mashine yake ina uhakika wa asilimia tisini na tisa.

"Mwanangu," alisema Mhandisi, "baba yangu alikuwa na uhakika huohuo kwamba nitazaliwa mvulana. Njoo hapa nje."

Akampeleka hadi mlango wa pili ukumbini, ofisi ya katibu wa Mkurugenzi, ambapo pana kibao cha shaba cha zamani chenye jina la katibu kwa Kikirili: ВЕСНА. Mtoto yeyote wa shule nchini hapa hulisoma Vesna. Akamwambia kijana alipige picha kwa programu yake. Kijana alipiga. Mashine ilifikiri, kisha kwa sauti ya kike yenye upole mwingi ikatamka mbele ya Mkurugenzi, polisi, mjane na mwenye jina mwenyewe: "Becha."

Katibu Vesna, mwenye miaka ishirini na miwili katika ofisi ile, alisema: "Nani huyo?"

Tangu siku hiyo karakana nzima humwita Becha. Hajaitika hata mara moja.

Bunduki ya Bi Milunka ilirudi juu ya mlango wake, na chumba kile kikapokea jibini la kilo nyingi kiasi kwamba idara ya usalama kazini ilifika kuuliza kuhusu harufu. Lakini ushindi huo, makomredi, ulizaa pendekezo, na pendekezo la uongozi ni la kuogopwa kuliko kukataa kwake. Kwanza Mkurugenzi alisema kosa la herufi litarekebishwa kwenye mashine na mambo yataisha. Mhandisi akamjibu kwamba V na B zina sura moja, mashine inaona sura tu, na kingo zilizoinuka haziingii kwenye picha ya simu. Panahitajika kidole, na kidole kinahitaji kuajiriwa. Ndipo Mkurugenzi akamwomba yeye mwenyewe abaki kwa mkataba wa mwaka mmoja, meza yake, funguo zake, na zulia jipya.

Ieleweke alichokuwa akipewa. Mwanamke huyu hakutaka kuondoka. Ofisi ya utumishi inajua kwamba mwezi Januari alifika pale kuuliza, kwa kisingizio cha kuuliza kwa niaba ya rafiki, kama sheria inaruhusu mtu kuongeza miaka. Tangu mumewe afariki, mahali pake pa kunywea kahawa ya asubuhi ni dirisha la chumba kile. Alikuwa anapewa hasa kitu alichokuwa akikitamani, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angemlaumu kwa kukipokea.

Alikataa. Katibu Vesna aliyekuwa akichukua kumbukumbu za kikao ametupa maneno yake kama yalivyo.

"Ljubodrag, nikibaki mwaka mmoja, umepata mwaka mmoja wa kutomwajiri Tihomir. Mwakani utaniomba tena, na mimi, kwa kuwa napenda kiti changu, nitakubali. Siku moja nitafia pale, na ukucha utazikwa pamoja nami, halafu mtasema hakuna anayejua kazi. Naondoka tarehe thelathini. Kiti kikiwa kitupu kila mtu atakiona."

"Lazović hana shahada," alisema Mkurugenzi.

"Mimi ninayo. Miaka thelathini na minane sijaipitisha juu ya herufi hata mara moja."

Hapo ndipo neno la sheria linapokuwa dogo. Mtu anayeondoka kwa sababu umri umetimia anastaafu. Mtu anayeondoka mahali anapopapenda, ili utupu wa kiti chake uwadai waajiri haki ya mwenzake, huyo tuna neno lake, na lipo kwenye mabango yetu yote langoni: anagoma. Mhandisi Pantelić ndiye mgomaji wa kwanza katika historia ya kiwanda hiki atakayegoma kwa pensheni, na tunakiri kuwa mbinu hiyo haikuwa imetujia akilini.

Mhandisi, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kila ukuta ambao bado una kitu kilichoning'inia juu yake kwa haki, na kwa kila ukuta uliolazimika kuambiwa ukweli. Tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba kabla ya kusoma alama inafaa kuuliza imeandikwa na nani. Tunakutakia afya, kahawa isiyopoa, wajukuu wenye masikio, na dirisha jipya lenye kitu cha kutazama. Paka rangi kucha zote kumi. Ishi vizuri, ishi muda mrefu, na usipokee simu ya mtu yeyote kutoka kiwandani.

Na ninyi makomredi: bodi itapiga kura juu ya kiti cha Chumba cha Namba na juu ya ajira ya Tihomir Lazović siku ya Jumanne, tarehe 3 Juni. Tunakutana saa sita kamili mchana, langoni, karakana na mabweni pamoja, mvua inyeshe au isinyeshe. Mhandisi Pantelić amethibitisha kuwa atakuwepo. Ameomba asiwekewe kiti, kwa sababu, amesema, aliyeketi huonekana amestaafu.